Kauntabuku la mzee, na lile gari tuliloambiwa halikuwahi kuharibika

Mzee wangu aliendesha gari la misheni kwa miaka kumi na moja, toka 1977 mpaka 1988, pikapu ya petroli, silinda nne, kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), gia nne, na kila kitu alichokifanya kwenye lile gari alikiandika kwenye kauntabuku la kwaya mbili. Mwaka jana tulikua tunamhamisha toka nyumba ya zamani huku Njombe kwenda kwa dada, nikalikuta chini ya sanduku la bati, mende wameshakula kona, jalada limelowa oili mpaka limekua jeusi, ila ndani maandishi yanasomeka vizuri tu. Nikaomba niondoke nalo. Nimekaa nalo wiki mbili nalisoma kila nikitoka kazini na kuna kitu kimebadilika kichwani kwangu kuhusu haya mambo ya magari ya zamani na ya sasa, ndo maana naandika.

Maana kwenye familia yetu hiyo pikapu ni kama ndugu. Kila msiba, kila harusi, baba mdogo lazima aseme, magari ya siku hizi ni makopo, lile gari la kaka halikuwahi kutuangusha hata siku moja. Na mimi nilikua naamini kabisa. Halafu mwaka juzi gari yangu mwenyewe, ya kutoka Japani, imetengenezwa 2010, ilinimaliza milioni 2 na laki 4 kwa mkupuo mmoja, giaboksi, kwaiyo nikawa namwamini baba mdogo zaidi. Kampuni sitaitaja, wala ya pikapu sitaitaja, kwa sababu ninachotaka kusema sio cha kampuni moja.

Sasa soma na wewe baadhi ya alichoandika mzee, nanakili kama kilivyo:

"Plagi zote 4 kutoa, kusugua msasa. Namba 3 nyeusi sana."
"Pointi zimeungua. Nimeweka za zamani nilizotunza. Nafasi nimepima kwa karatasi ya kiberiti."
"Spring ya nyuma kushoto, majani mawili yamekatika. Mlangali."
"Hedi imefunguliwa. Valvu kusaga. Siku 2."
"Leo mita imezunguka, tumeanza upya."

Hiyo ya mwisho ilinifanya nikae kimya kidogo. Mita ya lile gari ilikua na tarakimu tano tu, ikifika 99,999 inarudi sifuri. Na haikua gari hilo peke yake, magari mengi sana ya miaka ile yalitoka kiwandani na mita za namna hiyo, hata Marekani kwenyewe kwa wenye magari makubwa, gari lililofikisha maili laki moja lilikua linahesabika limeshazeeka, mtu hakuona haja ya kuweka tarakimu ya sita. Leo gari inashushwa Dar na kilomita elfu themanini tunaiita mpya. Yangu nilichukua ikiwa na 84,000, sasa ina 213,000, na injini haijawahi kufunguliwa. Haijawahi. Plagi nimebadilisha mara mbili, na zile za pili nilibadilisha kwa sababu tu kitabu kinasema, sio kwamba zilikua zimekufa.

Nikaanza kuhesabu kwenye kauntabuku. Kusafisha au kubadilisha plagi, mara 31. Pointi na kondensa, vile vifaa vya kuzalisha cheche ya plagi, mara 26. Klachi 5. Hedi imefunguliwa mara 4, ringi za pistoni mara 2, na mara moja silinda zilichongwa na kuwekewa pistoni za oversaizi, kazi hiyo ilifanyika Iringa na gari lilikaa huko wiki tano. Majani ya spring nilifika 19 nikaacha, pancha sikuhesabu kabisa. Na yote hayo kwa kilomita ambazo nikijumlisha za kabla na za baada ya mita kuzunguka hazifiki laki na sabini. Yani gari ambalo halikuwahi kutuangusha lilikua gereji au chini ya mwembe karibu kila mwezi, tofauti ni kwamba aliyelala chini yake alikua mzee, na jioni lilikua limerudi nyumbani, kwaiyo sisi watoto tuliona tu gari limerudi.

Ila kuna ukurasa mmoja ndo umenikaa moyoni zaidi. Mwaka 1982, mwezi wa tatu, masika imechanganya, wanatoka Ludewa na mama mjamzito nyuma anayepelekwa hospitali Njombe. Pampu ya mafuta ikafa, ule mpira wa ndani ulichanika. Pampu za zamani zilikua za kawaida sana, zimefungwa ubavuni mwa injini, zinasukumwa na kemu, ndani kuna mpira kama ngozi ya ngoma unaopanda na kushuka. Mpira ukichanika mafuta hayapandi. Spea hakuna, mwaka ule hata sabuni ilikua ya foleni, sembuse spea. Mzee akachukua dumu la lita tano, akalifunga juu ya kabini kwa kamba ya katani, akachomeka mpira wa maji, akaushusha mpaka kwenye kabureta, mafuta yakawa yanateremka yenyewe kwa uzito wake. Utingo akakaa juu na mwamvuli kushikilia dumu. Wakafika. Mama alijifungua salama, mzee ameandika "mtoto wa kike" pembeni kabisa ya ukurasa halafu mstari unaofuata "mpira wa pampu utafutwe".

Hilo kwenye gari yangu huwezi. Pampu yangu ni ya umeme, iko ndani ya tenki, inasukuma mafuta kwa presha ya kama baa 3 mpaka kwenye noza, vile vya kupulizia petroli kwenye injini, na kompyuta ndo inaamua noza ifunguke lini na kwa muda gani. Weka dumu hata juu ya mnara wa simu, ukitegemea uzito wa mafuta peke yake gari haitawaka. Na kama ni dizeli za kisasa hizi za common rail, ambazo noza zote zinalishwa na bomba moja la presha, ndo usiseme, presha inafika baa 2,000 na zaidi, ile mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni inatosha kuua noza, kwaiyo mafuta machafu au yaliyochakachuliwa na mafuta ya taa yanaimaliza, wakati dizeli ya zamani yenye pampu ya mitambo ingekohoa moshi mweusi na kuendelea na safari.

Kwaiyo kwa nini basi yangu haijafunguliwa injini? Nilimuuliza fundi mmoja mtu mzima pale mtaa wa Gerezani, Dar, amefanya kazi hii toka enzi za wanafunzi kukaa miaka mitatu wakiosha spana tu, akanielezea vizuri sana. Alisema, mwanangu, kabureta ilikua inauwa injini kila asubuhi. Ukivuta choki kuwasha injini ya baridi petroli inaingia nyingi kuliko inavyoweza kuungua, ile inayobaki inateremka ukutani mwa silinda inaosha oili, ringi zinasuguana na chuma kikavu. Sasa hivi noza inapuliza petroli kwa kipimo, oili inabaki mahali pake. Halafu oili yenyewe ya leo sio ile. Halafu mashine zinazochonga vyuma viwandani sio zile, nafasi kati ya pistoni na silinda ni ndogo na ziko sawa kwa injini zote zinazotoka. Na risasi kwenye petroli, hiyo nayo nilikua siifahamu vizuri, petroli ya zamani ilikua na madini ya risasi ndani, ndo iliyokua inagandisha plagi, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo na kufikia mwanzo wa 2006 ikawa imeondoka. Ndo sababu moja mzee alikua anasugua plagi kila baada ya miezi minne, ingawa weusi wa ile namba 3 zaidi ni wa mafuta kuzidi au oili. Cha ajabu hiyo hiyo risasi ndo ilikua inalinda viti vya valvu, pale valvu inapokaa ikijifunga, kwaiyo mtu mwenye gari la zamani leo akitia petroli hii ya sasa bila kubadilisha viti, valvu zinaweza kuliwa.

Kutu nayo watu wameisahau. Tunayaona magari ya zamani yaliyobaki, yanang'aa, tunasema angalia bati la zamani lilivyo zito. Bati lilikua zito kweli ila lilikua tupu, rangi ikitoka tu chuma kinaanza kuliwa, kwa watu wa Tanga, Lindi, Zanzibar huko upepo wa chumvi ulikua unamaliza sakafu ya gari mpaka unaona lami ukiwa umekaa. Ni kuanzia miaka ya 1980 hivi ndo viwanda vingi vilianza kupaka bati zinki kabla ya rangi. Na yale yaliyoliwa hatuyaoni, yameshayeyushwa zamani yakawa nondo. Hapo ndo baba mdogo na wengi wetu tunakosea, tunachukua lile moja lililopona katika mia tunalifanya shahidi wa yote mia.

Lakini simpingi baba mdogo kwa kila kitu, na hapa ndo nataka nieleweke vizuri. Kuna magari ya zamani yalikua na mwili wa kazi kweli. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978, na zile barabara zilikua hizi hizi zetu za vumbi na tope. Wakenya wanakumbuka 504 stesheni zilivyobeba abiria safari ndefu kwa miaka mingi hata baada ya Ulaya kuacha kuitengeneza. Na mpaka leo nenda Arusha kwenye karakana za magari ya watalii uone Toyota Land Cruiser za toleo la 70 zinavyokatwa chesisi zinarefushwa na kuwekewa paa la kufunguka, wengi wanaitaka ile yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, iliyoanza 1990, isiyo na tabo, pampu yake ya dizeli ni mitambo mitupu. Kwa hesabu za karatasi ni injini ya kizamani, nguvu zake ndogo ukilinganisha na ukubwa wake, ila ikizima katikati ya Serengeti dereva anajua aanzie wapi na spana namba ngapi. Hicho ndo wanachokilipia.

Kwaiyo mimi nimefika mahali naona tunachanganya vitu viwili tunaviita kwa neno moja, kudumu. Gari ya sasa inadumu bila kuguswa. Gari la zamani lilidumu kwa kuguswa. Pikapu ya mzee ilikua inaharibika kidogo kidogo kila mara, na kila kilichoharibika kilikua kinaonekana kwa macho, kinashikika, kinatengenezeka kwa wembe, msasa, kamba na akili ya mtu. Yangu ilikaa miaka kimya kabisa halafu siku moja ikasema yote kwa pamoja.

Nieleze hiyo siku. Giaboksi yangu ni ya CVT, ile ambayo haina gia za meno kama tulizozoea, ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazopanuka na kubana. Niliponunua niliambiwa oili yake ni ya maisha, usiiguse. Nikaiendesha kilomita zaidi ya elfu themanini hivyo hivyo. Halafu gereji moja jirani na ninapoishi wakati wa sevisi kijana akaona imepungua kidogo akaongezea ATF ya kawaida, ile nyekundu ya giaboksi otomatiki, hakuniambia mpaka nilipoona chupa. Sikujua kama ni kosa. CVT inahitaji oili yake maalumu kwa sababu ule mkanda unashika puli kwa msuguano, ukiweka oili isiyo yake mkanda unateleza unachuna puli. Baada ya kama miezi miwili nikiwa napanda mlima Kitonga, malori mbele na nyuma, injini ikawa inanguruma mizunguko elfu nne kwa dakika na gari haiendi, inavuta kama imefungwa kamba. Nikasogea pembeni. Nikafungua boneti, nikaangalia. Kuna plastiki nyeusi imefunika kila kitu, sikuona hata kitu kimoja cha kushika. Mke wangu ndani na watoto wawili, na kule kona zilivyo kali unajua mwenyewe. Tulivutwa mpaka Mahenge, siku iliyofuata ikapandishwa kwenye lori kwenda Dar.

Dar fundi akachomeka mashine chini ya dashibodi, akasoma, akatoa sampo la giaboksi, lile karai la oili la chini, kwenye sumaku za chini kulikua na unga wa chuma mzito kama uji. Kutengeneza haikuwezekana, spea za ndani haziuzwi rejareja hapa, unanunua giaboksi nzima ya mtumba toka Japani na wewe hujui imetembea kilomita ngapi huko. Ndo ile milioni 2 na laki 4.

Nilikasirika muda mrefu. Lakini nilipokua nasoma kauntabuku nikaona mzee aliandika oili ya giaboksi, oili ya difu, kila baada ya kilomita 10,000, kwa wino mwekundu, hajaruka hata mara moja katika miaka kumi na moja. Hata mwaka 1982. Kuna yule Mmarekani, Irv Gordon, mwalimu mstaafu wa sayansi wa New York, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 akaiendesha mpaka 2013 ikafikisha maili milioni 3, hakuna gari binafsi la mmiliki mmoja lililojulikana kufika huko. Watu wanasema Volvo za zamani bwana. Mwenyewe kila alipoulizwa alikua anasema habari ya kubadilisha oili kwa wakati na kufuata kitabu. Na Cuba nako, yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 tunayoyaona kwenye picha yametembea mpaka leo kwa sababu baada ya mapinduzi mapya hayakuja tena, ukifungua boneti mengi yana injini ya dizeli ya kampuni nyingine kabisa. Pikapu ya mzee nayo ni hivyo hivyo, ilidumu kwa sababu hapakua na nyingine, misheni isingepata ya kuibadilisha, ikifa imekufa na wagonjwa wa Ludewa wangebebwa kwenye machela.

Kitu kimoja ambacho sitaki kukirudia cha zamani ni usalama. Mzee ana kovu kwenye kidevu, usukani wa chuma, 1979, aligonga mti kwa mwendo ambao yeye anasema hata thelathini haukufika. Mkanda haukuwepo. Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009 uso kwa uso, video zipo, kila mtu alitegemea lile zee zito litaiponda ile ndogo. Bel Air ilikunjika mpaka kwa dereva, usukani ukaenda kifuani. Malibu pua ilisagika lakini kabini ilibaki nzima, mtu angetoka na majeraha ya mguu. Ndo maana nikisikia mtu anasema siku hizi bampa ni plastiki, likiguswa kidogo linapasuka, namwambia acha lipasuke.

Ninachowadai watengenezaji ni kimoja. Wametupa injini inayokaa, bati lisiloliwa, wakatunyang'anya mlango wa kuingilia. Gari haina hata kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Taa ya mbele ni kitu kizima kilichogandishwa, taa moja ndani ikifa unanunua yote. Kompyuta nyingine zinagoma kufanya kazi na kifaa cha mtumba mpaka zitambulishwe kwa mashine ambayo iko kwa wakala tu. Kule Massachusetts wananchi walipiga kura 2012 wakapiga tena 2020 kudai fundi wa mtaani apewe taarifa zile zile anazopata wakala, walishinda mara zote mbili. Sisi tunanunua magari hayo hayo yakiwa yameshachoka, mbali na wakala, mafundi wetu ndo wanaoyaweka hai, na hatujadai chochote. Hilo linaniuma kuliko ile milioni 2.

Mwezi wa nane nilimrudishia mzee kauntabuku lake. Akaniuliza pikapu iko wapi siku hizi, nikamwambia sijui, akasema yeye anajua. Tukaenda, mwendo wa kama saa moja toka mjini, kijiji cha wakulima wa viazi. Kamwene, kamwene, salamu za huku kwetu, tukapelekwa nyuma ya ghala. Mwenye nayo aliinunua kama skrepa 1996, injini aliiuza, kabini watoto waliifanya banda la kuku mpaka ikaisha. Kilichobaki ni ekseli ya nyuma na spring zake, ameifanya tela la trekta, siku ile lilikua na magunia ya viazi yamepangwa mpaka juu. Alituambia anapaka grisi kwenye beringi kila mwezi na halijamsumbua.

Mzee ana miaka 79, magoti yanamsumbua, lakini alipiga magoti. Akaomba kitambaa. Kwenye kauntabuku kuna mstari wa mwaka 1983: "Ganda la difu limepasuka kulia. Limechomewa Makambako, kiraka cha pembe tatu." Akafuta tope upande wa kulia, pole pole, kikatokea kipande cha chuma cha pembe tatu, welding yake nene ya mkono, imeshika. Akakaa akiwa ameweka kidole hapo.

"Mvua ilikua inanyesha," akasema. "Tulimshikia fundi turubai."